Kilti ya turubai niliyoagiza mpaka Kigoma: kiuno fuata futi, usifuate namba ya jinzi

Hii kilti, yani ile nguo ya wanaume ya Scotland inayofanana na sketi ya marinda, nimeshaivaa vya kutosha, nimeshuka nayo kwenye boti pale Kibirizi maji yakiwa magotini, nimekaa nayo kwenye bodaboda toka Mwanga mpaka Ujiji, imefuliwa imekauka imevaliwa tena, kwa hiyo ninachosema nakijua. Ni nguo nzuri kiukweli, imeshonwa na mtu anayejua kazi, na ntaagiza nyingine. Ila uzuri wa kilti yote uko kwenye kiuno. Ukikosea kiuno umekosea nguo nzima, na sisi wa huku mwisho wa reli ndo kabisa hatuna pa kukosea, maana kuurudisha mzigo toka Kigoma mpaka Dar alafu Dar mpaka nje ya nchi, gharama yake unaweza kujikuta umelipa nguo mara mbili na bado huna nguo.

Kwa ambao hawajaiona, siongelei ile ya harusi ya Waskoti. Ile ya kwao ya asili ni ya sufu nzito, kamili yake inakula mpaka yadi 8 za kitambaa, hizo ni mita 7 na kitu, na inavaliwa juu kabisa, kwenye kitovu au inchi moja juu yake, pindo linaishia katikati ya goti. Yangu ni ya kisasa ya kushindia, ya turubai la pamba, kitambaa kimepungua karibu nusu, ina mifuko mikubwa pembeni kama ya kombati na vifungo vya chuma vya kubonyeza badala ya mikanda midogo ya ngozi. Hizi ziliwachangamsha watu sana baada ya kampuni ya Utilikilts ya Seattle, Marekani, kuanza kuziuza mwaka 2000 kwa ajili ya watu wa kazi, mafundi na wabeba vitu, siku hizi zinashonwa sehemu nyingi na nyingi za bei ya kawaida zinatoka Sialkot, Pakistan. Yangu imetoka huko huko. Bei yake ni kama kadeti tatu za mtumba zile kali za pale Mwanga, sio rahisi lakini sio ya kuuza shamba.

Kazi yangu ni kutembeza wageni, Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone na kwenye maboti. Livingstone mwenyewe alikuwa Mskoti, mzaliwa wa Blantyre ya huko Scotland, na wageni wa kwao wanaokuja kuona pale alipokutana na Stanley mwaka 1871 kuna wanaokuja na kilti, hapo ndo nilianza kuitamani. Na kwa hali ya hewa yetu nguo inayopitisha upepo huku chini ni raha sana, pensi ikilowa inakung'ang'ania mapajani mpaka jioni lakini kilti unaikung'uta tu. Kuhusu watu kushangaa, wanashangaa siku ya kwanza basi. Ujiji wazee wetu wanavaa misuli na vikoi toka enzi na enzi, mwanaume kuvaa kitu cha wazi chini sio habari mpya pale.

Sasa huo msuli ndo unaodanganya wengi. Msuli hauna saizi, unajifunga, unakunja juu, umenenepa unaachia, umepungua unakaza, kitambaa ni kile kile. Mtu anaona kilti nayo si inazungushwa tu kiunoni, anadhani itakuwa hivyo hivyo. Haiko hivyo. Kilti mbele ina vipande viwili bapa visivyo na marinda, kimoja cha ndani kimoja cha nje, vinapishana, na nyuma yote ni marinda, na hayo marinda kuanzia kiunoni kushuka mpaka usawa wa makalio yameshonewa kabisa, ndo yanaachiwa wazi kwenda chini. Yani ile sehemu ya juu nyuma ni ngumu, haivutiki, haipungui. Kinachokupa nafasi ya kurekebisha ni vile vifungo tu vya pembeni, na vina mwisho wake.

Kosa kubwa ambalo naliona kwa kila anayeniuliza ni kutaja namba ya jinzi. "Mi navaa 34 bro, nichukue 34?" Hapana! Chukua hiyo jinzi yako ya 34 itandaze mezani, funga kifungo, pima ukanda wake na futi alafu zidisha mara mbili uone. Nyingi utakuta 36, nyingine zaidi. Wenye viwanda wanaandika namba ndogo mteja ajisikie mwembamba, ndo biashara yao. Alafu jinzi yenyewe huivai kiunoni, unaivaa chini kwenye mifupa ya nyonga, chini ya tumbo, na ina kawaida ya kulegea ukishaivaa kidogo. Kilti ya watu makini inaandikwa inchi za kweli za futi. Ukipeleka namba ya kuchangamsha mteja kwenye nguo inayopimwa kwa inchi za kweli, haifungi.

Mi jinzi yangu ni 34. Kipimo changu cha kitovuni ni 38. Inchi nne hizo, na sina kitambi cha kutisha.

Nilipimwa na fundi mmoja mzee ana cherehani yake kwenye kibaraza karibu na soko la Mwanga, nikamsalimia shikamoo, marahaba mwanangu, leo unashona nini, nikamwambia sishoni mzee naomba kipimo cha kiuno tu. Akataka kunipima kwenye mkanda wa suruali nikamwambia hapana, hapa juu kwenye kitovu, na pia hapo chini, na pia makalio. Wakati anazungusha futi mi nikawa nimeshajibana tumbo bila kufikiria, akaniambia "achia pumzi mwanangu, hilo tumbo ni lako, kwenye nguo litarudi." Nikaachia. Akaipitisha futi mgongoni akainama kuangalia kama iko sawa na mbele, haijapanda nyuma wala haijashuka, akaikaza mpaka ikagusa shati vizuri lakini haikuzama nyamani. Kilti unaipima hivyo, isiwe na vidole viwili vya ziada kama anavyofanya fundi wa suruali, kwa sababu inashikwa na kiuno peke yake na ikipwaya inashuka. Na alinipima juu ya shati maana mi navaa shati nikiwa nimechomekea. Kama we utavaa fulana ikiwa nje basi pima bila shati.

Alafu nikamwomba kitu ambacho alikiona cha ajabu kidogo, nikakaa kwenye kigoda akapima tena. Kusimama 38, kukaa ikaja 39 na nusu. Hiyo inchi na nusu ndo inayowatesa watu kwenye boti na kwenye bodaboda, wakisimama nguo iko poa, wakikaa wanakosa pumzi. Na nilienda mchana nikiwa nimeshakula, ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese, sio asubuhi na tumbo tupu. Nakushauri ufanye hivyo hivyo. Usiende kupimwa ukiwa na njaa alafu uvae nguo siku ya sherehe.

Kama huna fundi karibu, uzi wowote usiovutika unafaa, zungusha, weka alama, alafu unyooshe kwenye futi ya seremala. Kama umepata sentimita gawanya kwa 2.54 upate inchi, mfano 96 na nusu ni 38, na 91 na nusu ni 36. Usikadirie kwa macho.

Swali linalofuata ni unaivaa wapi, kitovuni au chini kama jinzi, maana hapo namba inabadilika na wauzaji wengi hawasemi. Hizi za kisasa zimeshonwa zikijua kuna watu watazivaa chini na zinakubali. Mi kwa chini nilipata 36 na nusu. Nimejaribu kote kote na naona juu ndo penyewe, ikikaa juu ya mifupa ya nyonga uzito wote unabebwa na hiyo mifupa, haitelezi, na pindo linakuwa usawa mbele na nyuma. Ukiivaa chini ya tumbo mbele inainama nyuma inapanda, na kwa wenye tumbo ndo kabisa, kila ukitembea unaipandisha. Mtu mwembamba asiye na tumbo anaweza akaivaa chini bila tabu, tena kwake kipimo cha chini kinaweza kuwa kikubwa kuliko cha kitovuni, kwa hiyo asikopi namba zangu. Cha muhimu amua kabla ya kupima, alafu upimwe hapo hapo ulipoamua.

Sasa kuja kwa muuzaji. Jamaa wanajibu haraka, heshima wanayo, sina ugomvi nao. Ila jedwali lao la saizi lina namba na urefu tu, halisemi kiuno kimepimwa wapi, halisemi makalio. Kwanza kabisa waliniuliza navaa suruali namba ngapi, nikawaambia namba ya suruali tuiache, nina kipimo cha mwili. Alafu nikauliza swali ambalo naona ndo la maana kuliko yote: hiyo 38 nikibonyeza vifungo vya kukaza mwisho ni inchi ngapi, na vya kuachia mwisho ni inchi ngapi? Wakaenda kupima wakanijibu 36 mpaka 40. Hapo nikajua nimefika, kwa sababu 38 yangu iko katikati, nikikaa nikawa 39 na nusu bado niko ndani, na nikipungua kidogo mwezi wa Ramadhani bado niko ndani.

Hiyo katikati ndo ya kuitafuta. Kuna wauzaji namba wanayoandika ni ya mwisho wa kuachia, kwamba 38 maana yake haiendi zaidi ya 38, huyo ukimchukulia 38 ukashiba umekwisha. Wengine namba ni ya katikati kama hawa. Namba ni ile ile lakini nguo ni mbili tofauti, na hutajua bila kuuliza. Kama kipimo chako kimeangukia katikati ya saizi mbili, mi nasema panda juu, kwa sababu kupunguza kunawezekana, fundi anasogeza vifungo kwa ndani inchi moja na nusu mpaka mbili na huoni tofauti, lakini kuongeza ni kesi. Usipande saizi mbili lakini. Ukipwaya sana kipande cha nje kinazunguka mpaka marinda yanatokea mbele, na nyuma ukiibana na mkanda kitambaa kinajikunja chini ya mkanda kama gunia lililofungwa, mkanda hautibu kilti kubwa.

Mdogo wangu wa Katubuka aliona yangu naye akaagiza, kwa muuzaji mwingine, akaulizwa swali lile lile la suruali akajibu 32, ikaja 32. Kitovuni kwake ni 35. Kilti mwisho wake wa kuachia ilikuwa 34. Ukimwangalia kwa mbele unaona imefunga, lakini kile kipande cha ndani hakifiki kwenye kifungo chake upande wa kushoto, kinaning'inia, na upepo wa ziwani sio wa kuchezea. Tukaipeleka kwa fundi, akasogeza vifungo mpaka ukingoni, ikapatikana inchi moja, ikafunga, lakini kwenye makalio marinda yakatanuka yakakaa wazi kama mdomo, kila ukiangalia unaona ndani ya rinda. Ili aongeze kweli inabidi afumue marinda yote ya nyuma ashone upya, na fundi mwenyewe akasema hiyo kazi inazidi kushona mpya. Mdogo wangu akampa binamu yetu ambaye ni mwembamba, kwake imekaa kama alipimiwa yeye.

Hayo makalio yenyewe ndo kipimo cha pili na wengi wanakiruka. Pima pale palipojaa zaidi, mifuko ikiwa mitupu. Mi ni 41. Niliwauliza kilti yao inaruhusu ngapi wakasema 43, safi kabisa, marinda yananing'inia yamefunga na nikitembea yanafunguka na kurudi. Ikibana kwenye makalio kiuno kiwe sawa vipi haitakaa vizuri, marinda yanavutwa muda wote. Mwenye makalio makubwa na kiuno chembamba achague saizi kwa makalio alafu fundi apunguze kiuno, sio kinyume chake.

Jinsi ya kuifunga nayo ina mchango. Kipande cha ndani kinafungwa upande wa kushoto, cha nje kinakuja kufungwa kulia. Kila upande una nafasi tatu, inchi moja moja. Ukiona inabana usiachie upande mmoja tu, achia na wa pili, ndo kipande cha mbele kinabaki katikati ya mwili. Mi niko nafasi ya katikati pande zote mbili, nikiwa na safari ndefu ya boti naachia kila upande moja, basi nimepata inchi mbili.

Kasoro za bidhaa zipo. Vifungo vya kubonyeza vikiwa vipya ni vigumu mno, kimoja nilikivuta kwa nguvu kikataka kutoka na kitambaa, nikaweka kiraka kidogo kwa ndani kikatulia. Lupu za mkanda zimeshonwa kwa mkanda mpana wa kilti, ule wa inchi mbili na robo, na mikanda mingi hapa sokoni ni ya inchi moja na nusu, ukiuvaa unacheza ndani ya lupu na nguo inapanda juu yake. Nilishonewa wa ngozi na fundi viatu, mpana, umekaa vizuri. Na ile mifuko ya pembeni inakushawishi ujaze, simu, funguo, chaji, chupa ya maji, turubai lenyewe lina uzito wake, ukijaza upande mmoja kilti inazunguka kiunoni taratibu mpaka mfuko unafika mbele. Gawa mzigo pande mbili, na hapo utaelewa kwanini nimesisitiza kipimo kiguse mwili.

Ndani vaa boksa, au bukta nyepesi kama unapanda na kushuka maboti. Ya kuvaa bila kitu waachie Waskoti wenyewe na baridi yao.

Urefu sitauongelea sana maana ni rahisi. Pima toka pale kiuno kitakapokaa mpaka katikati ya goti, ukiwa umesimama na mtu mwingine ndo anakupima, kwa sababu ukiinama kujipima mwenyewe kipimo kinabadilika. Mi ni 23 na nilipiga magoti kuhakiki, pindo likagusa sakafu kidogo tu. Kumbuka ukibadilisha mahali pa kuvaa, urefu nao unabadilika, mtu aliyepimiwa kitovuni akaishusha kwenye nyonga inamfunika goti lote.

Cha mwisho ni kufua. Turubai la pamba linaingia kidogo likifuliwa, na waliniambia la kwao limeshafuliwa kiwandani, ni kweli kiuno changu hakijabadilika, lakini sijawahi kulitia maji ya moto. Kama muuzaji wako hajui kama kitambaa kimefuliwa au hakijafuliwa, hesabu kitaingia na uchague saizi ambayo kipimo chako kiko upande wa kukaza. Funga vifungo vyote kabla ya kuloweka, usiikamue kwa kuipinda, itundike kwa kiuno na vibanio vingi vya nguo, alafu ikiwa bado na unyevu pitisha mkono rinda moja moja kwenda chini. Jua letu la saa tano likiikuta hivyo inakauka imenyooka, hata pasi haihitaji.